Kwa nini mswada wako unabadilika ukifika steshenari

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ujiji alikuja dukani, hapa Mwanga ninapofanya kazi ya kuchapa, akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na flashi. Ndani ya flashi mlikuwa na simulizi za wavuvi wa Ziwa Tanganyika alizozikusanya kwa miaka sita, akizunguka Kibirizi na Katonga na daftari lake. Nyumbani, kwenye laptopu ya mjukuu wake, kitabu kilikuwa na kurasa 112. Nilipokifungua kwenye mashine ya dukani kikasoma kurasa 121. Sura ya tatu ilianzia katikati ya ukurasa, picha ya mtumbwi ilikuwa imelalia maandishi, na namba za kwenye yaliyomo, alizozipanga kwa mkono nukta kwa nukta, hazikulingana na chochote.

"Mwanangu," akaniuliza, "nani ameongeza kurasa tisa kwenye kitabu changu?"

Hakuna aliyeongeza. Lakini swali lake nalisikia karibu kila wiki. Wapo wanaodhani mwenye steshenari amechezea kazi yao. Wapo wanaosema ni virusi. Wapo wanaoamini kompyuta yao ni mbovu, na kuna kijana alikuwa tayari kuiuza kwa sababu hiyo. Watu wa Kigoma siku hizi wanaandika sana: historia za koo, mashairi, mahubiri, riwaya, vitabu vya ziada vya shule, na wengi wanajilipia wenyewe gharama za kuchapisha. Inaniuma kuona mtu aliyetoa miaka yake kwenye kazi anapoteza fedha na wiki nzima kwa jambo ambalo angeelezwa kwa nusu saa likamkaa. Basi tuitumie nusu saa hiyo hapa.

Tuanze na maneno yenyewe. Faili ni kifurushi cha kazi yako chenye jina, kinachokaa kwenye diski ya kompyuta, kwenye simu au kwenye flashi. Programu ni chombo cha kukifungulia kifurushi hicho na kukifanyia kazi. Word ni programu, LibreOffice ni programu, WPS ya kwenye simu nayo ni programu. Mtu akisema "nifungulie Word yangu" huwa anamaanisha faili, na mkanganyiko unaanzia hapo, maana faili lilelile linaweza kufunguliwa na programu tatu na kila moja ikalionyesha kwa namna yake. Fonti ni mwandiko, yaani sura ya herufi. Na umbo la faili ni jinsi kifurushi kilivyofungwa. Unalitambua kwa herufi zinazokuja baada ya nukta mwishoni mwa jina, kama docx, pdf au epub.

Faili la Word halina kurasa ndani yake

Hili ndilo jambo lenyewe, na ukilishika, mengine yote yanafuata. Unapoona ukurasa wa 45 kwenye skrini, ukurasa huo haumo ndani ya faili. Ndani ya faili mna maneno yako pamoja na maelekezo: andika kwa fonti fulani, ukubwa fulani, acha nafasi kiasi fulani pembeni, weka picha hapa. Kurasa huzaliwa pale programu inapolifungua faili na kuyasoma maelekezo hayo. Ukilifunga, zinapotea. Ukilifungua kwenye mashine nyingine, zinazaliwa upya, na huko si lazima zizaliwe sawa.

Fikiria fundi cherehani. Humpelekei gauni, unampelekea vipimo na jina la kitambaa: kitenge cha aina fulani, urefu huu, kiuno hiki. Fundi wa kwanza anacho kitambaa hicho, anashona. Fundi wa pili hana. Hakuambii kitu, anachukua kitambaa kinachokaribiana nacho na kushona kwa vipimo vilevile. Magauni mawili yanatoka, na la pili halikai mwilini kama la kwanza. Kompyuta hufanya hivyohivyo na fonti. Fonti haimo ndani ya faili la Word isipokuwa uamue kuifungia humo; kwa kawaida lina jina lake tu. Mashine ikikosa fonti yenye jina hilo, inachagua nyingine inayofanana nayo, na haikupi taarifa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu. Kwa miaka mingi tangu Word ya 2007, ukianza ukurasa mpya programu ilikupa fonti iitwayo Calibri. Matoleo mapya yanaanza na nyingine, Aptos. Laptopu ya mjukuu ni mpya, ina Aptos. Mashine ya dukani ina Word ya zamani, Aptos haiijui. Ikabadilisha. Herufi zikawa pana kidogo sana, upana ambao jicho halioni, lakini mstari uliokuwa ukibeba maneno kumi na mawili ukabeba kumi na moja, na neno la kumi na mbili likashuka. Likasukuma la chini yake, nalo likasukuma lililofuata. Peleka msukumo huo kwenye kurasa 112, utazipata zile tisa zilizozidi.

Dawa yake ni rahisi. Chagua tangu mwanzo fonti iliyopo karibu kwenye kila kompyuta yenye Windows, kama Times New Roman au Georgia. Na usipoteze hata siku moja kupamba kurasa kabla maandishi hayajakamilika. Nimeona watu wanaandika sura moja na kuipamba siku nne.

Alama zisizoonekana

Fonti lilikuwa kosa la mashine. La pili lilikuwa la mwalimu mwenyewe, na ni kosa la karibu kila mtu aliyejifunza kuandika kwa taipureta au kwa kujaribujaribu.

Nilimwambia asogee karibu na skrini. Nikashikilia Ctrl na Shift pamoja, nikabonyeza 8. Ghafla ukurasa ukajaa alama ambazo hakuwahi kuziona: nukta ndogo katikati ya kila maneno mawili, na mwishoni mwa kila aya alama kama herufi P iliyogeuzwa ikatazama nyuma. Kabla ya kichwa cha Sura ya Tatu alama hizo za P zilikuwa zimejipanga wima, moja juu ya nyingine, kama ngazi. Tulizihesabu pamoja. Zilikuwa kumi na saba.

Kila alama ni mara moja aliyobonyeza Enter ili kusukuma kichwa cha sura kifike juu ya ukurasa mpya. Kwenye laptopu ya mjukuu Enter kumi na saba zilitosha sawasawa. Kwenye mashine yangu, ambako maandishi ya juu yalikuwa yamekwisha kushuka, Enter kumi na saba zilikipitisha kichwa hadi katikati ya ukurasa unaofuata. Ni kama kupanga watu kwenye benchi kwa kuwawekea mawe katikati: benchi likibadilika urefu, mawe hayajui.

Ukitaka sura ianze ukurasa mpya, shikilia Ctrl kisha bonyeza Enter mara moja tu. Hapo umeipa programu agizo, "kuanzia hapa, ukurasa mpya", na agizo hilo linafuatwa popote faili litakapofunguliwa. Kadhalika usitumie kitufe cha nafasi kusukuma kichwa kikae katikati ya mstari. Ctrl na E hukipeleka katikati chenyewe. Yaliyomo nayo usiyaandike kwa mkono. Kipe kila kichwa cha sura mtindo wa kichwa (mitindo iko kwenye mstari wa juu wa Word, na Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja huleta ule wa kwanza), halafu iagize programu iyatengeneze yaliyomo. Kurasa zikihama, unaiambia iyahesabu upya, na inamaliza kabla hujanyanyua kikombe cha chai. Mwalimu aliponiona nafanya hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye alitumia siku mbili kwa zile nukta.

Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi, ingawa hasara yake si ndogo. Word nyingi zinaanza na A4, milimita 210 kwa 297. Nyingine zinaanza na karatasi ya Kimarekani ambayo ni pana zaidi na fupi zaidi. Vitabu vingi vya kujichapishia hapa kwetu ni A5, yaani nusu ya A4 iliyokunjwa, milimita 148 kwa 210. Mtu huandika kitabu kizima kwenye A4 kwa herufi za ukubwa wa 12, kisha anamwambia mchapaji "kipunguze kiwe A5." Ukurasa unapungua hadi asilimia 71, na herufi inapungua nao, 12 inakuwa 8 na nusu. Wazee, ambao ndio wasomaji wa historia za koo, hawawezi kuisoma bila kuivuta karibu na taa. Weka A5 kwenye mipangilio ya ukurasa kabla ya kugusa jambo lingine la sura ya kitabu, na uache nafasi zaidi upande wa ndani, kwenye mshono, la sivyo msomaji atalazimika kukipasua kitabu ili aone mwisho wa mstari.

Dagaa wabichi, dagaa wakavu

Sasa PDF. Sijui neno jingine la kompyuta lililozungukwa na uvumi kama hili.

Tuliokulia hapa tunajua tofauti ya dagaa wa alfajiri, wanaposhushwa Kibirizi wangali wanang'aa, na dagaa wale wale baada ya kuanikwa juani. Wabichi unawageuza utakavyo: mchuzi, mawese, kukaanga, kuanika. Lakini hawasafiri, ukiwapakia treni ya Dar es Salaam leo, hakuna atakayewataka kesho kutwa. Waliokauka wanafika popote wakiwa vilevile, ila kuwarudisha wawe wabichi haiwezekani.

Faili la docx ni dagaa wabichi. Unaliongeza, unalipunguza, unalipanga upya, lakini likisafiri linabadilika. PDF ni dagaa wakavu. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993 kwa tatizo hilihili la mwalimu, hati kubadilika sura inapohama mashine, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa ambacho kampuni yoyote inaweza kukitumia. Ndani ya PDF kurasa zimo kweli. Kila herufi imewekewa mahali pake na, kwa kawaida, fonti zenyewe zimefungwa humo humo. Ndiyo maana ukurasa wa 45 wa Kigoma ndio ukurasa wa 45 wa Dar es Salaam.

Kutoka hapo utaona kwamba swali "nipeleke Word au PDF?" lina jibu kulingana na anayepokea. Mhariri anayesahihisha mpelekee docx. Mtambo wa kuchapa upelekee PDF. Wewe mwenyewe tunza vyote viwili, na usiifute docx hata siku moja kwa kudhani kwamba PDF inatosha. Nimewahi kumwona mtu akilia dukani kwa kosa hilo, naye si mwalimu. Ni mama aliyefuta docx ya kitabu chake cha mapishi ili kupata nafasi kwenye simu, akabaki na PDF yenye makosa ya tahajia kila ukurasa.

Na hapa niondoe mambo matatu yanayosemwa sana.

La kwanza, kwamba ukibadilisha jina la faili kutoka docx kuwa pdf umeligeuza. Hujaligeuza. Ukibandika maandishi ya "dagaa wakavu" kwenye ndoo ya wabichi, watanuka vilevile. Programu ya PDF italikataa faili hilo na kusema limeharibika, nawe utaingiwa na hofu bure. Lirudishie jina lake la kwanza litafunguka. Kugeuza kweli kunafanyika ndani ya Word: bonyeza F12, dirisha la kuhifadhi litafunguka, kisha kwenye orodha ya aina za faili uchague PDF.

La pili, kwamba PDF haiwezi kubadilishwa wala kuibwa. Inaweza. Zipo programu za kuihariri na za kuirudisha kuwa Word, ingawa hutoka ikiwa imevurugika, mistari imekatikakatika na majedwali yamesambaa. Hata nywila unayoweza kuiweka ni kufuli la mlango wa chumbani, si la benki. Ukituma PDF ya kitabu kizima kwenye kundi la WhatsApp, tayari umekigawa.

La tatu, kwamba PDF ndiyo kitabu cha mtandaoni. Jaribu kusoma PDF ya A5 kwenye simu ndogo: unavuta kwa vidole viwili, unasogeza kulia, unasogeza kushoto, unachoka. Kurasa zake ni ngumu, haziwezi kujipanga kulingana na kioo. Kwa simu na visomaji, vile vifaa vya kusomea vitabu, kuna umbo jingine, EPUB, ambalo linafanana na docx kwa tabia: maneno hutiririka na kujaza kioo chochote, na msomaji anakuza herufi apendavyo. Kwenye EPUB namba za kurasa hazina maana, na usiumie kuziona zinayeyuka.

Kila umbo linahesabika kama toleo lake, na hilo linagusa ISBN. Ile namba ya nyuma ya kitabu, yenye tarakimu 13 tangu 2007 na 10 kabla ya hapo, hutolewa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Zile zinazoanza na 978 9987 au 978 9976 ni za Tanzania. Kitabu cha karatasi kina yake, na EPUB ya kitabu hichohicho ina yake. Wengi wanaamini ISBN ndiyo hakimiliki. Siyo. ISBN inakitambulisha kitabu dukani na maktabani, kama namba ya usajili wa gari. Hakimiliki inatoka kwenye sheria ya 1999, na ni yako tangu ulipoiandika kazi yako. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia kuithibitisha kukiwa na mgogoro.

Kazi iko wapi hasa?

Swali hili ningetamani kila mwandishi ajiulize kila jioni, kabla ya kufunga kompyuta.

Unapoandika, maneno yako yanakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile wanayoiita RAM. Ni meza. Diski ni kabati. Mezani unafanya kazi haraka, kila kitu kiko mbele yako, lakini umeme ukikatika meza inafagiwa yote. Kilichokwisha kuwekwa kabatini kinabaki. Kuhifadhi, au kusevu kama tunavyosema, ni kutoa kitu mezani na kukiweka kabatini, na kazi hiyo ni Ctrl na S. Tuliofanya kazi hapa enzi za majenereta ya dizeli, kabla ya umeme wa gridi, vidole vyetu vinabonyeza Ctrl na S kila baada ya aya bila hata kufikiri. Word hujiwekea nakala ya dharura yenyewe, lakini ikiachwa ilivyo hufanya hivyo kila dakika 10. Dakika 10 za mwandishi aliyeshikwa na maneno ni kurasa mbili. Ingia kwenye mipangilio yake uipunguze iwe dakika 2.

Ndiyo maana pia mtu akiniambia "kompyuta yangu ni nzito kwa sababu nimejaza vitabu" namwambia hapana. Maneno ni mepesi mno. Mswada wa maneno 50,000 usio na picha hauzidi megabaiti moja; flashi ya GB 4 ingebeba maelfu ya miswada kama huo. Video za harusi ndizo zinazojaza kabati, na programu zilizofunguliwa kwa pamoja ndizo zinazojaza meza.

Flashi sasa. Flashi ni gari la kubebea, watu wameifanya nyumba. Ni ndogo, inapotea, inafuliwa pamoja na suruali, na ukiichomoa kompyuta ikiwa bado inaiandikia, faili linaweza kukatika katikati. Ziko pia za bei ya kutupa, zilizoandikwa GB nyingi ajabu huku ndani zikiwa na chache. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha siku ya kuyataka hayafunguki.

Kisha kuna virusi vinavyozunguka steshenari hadi steshenari. Dalili yake unaijua: unachomeka flashi, folda zako hazionekani, badala yake kuna vialama vyenye mshale mdogo kwenye kona. Mtu anashtuka, anaambiwa "imeliwa, ifomati." Tafadhali usiifomati, maana kufomati ni kufuta kila kilichomo. Mara nyingi mafaili yako yamo, virusi vimeyaficha tu na kuweka mitego yenye majina yale yale. Angalia ukubwa: kama flashi inasema imetumika GB 3 wakati huoni kitu, basi GB 3 hizo ni kazi yako iliyofichwa. Usibofye vialama vya mshale, maana kubofya ndiko kunakoviamsha virusi. Ipeleke kwa mtu anayejua kuyaonyesha mafaili yaliyofichwa, ayanakili kwenye kompyuta safi, ndipo flashi ifutwe.

Kwa sababu hiyohiyo niseme neno moja kuhusu Windows 10, maana nimeulizwa mno. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows 10 haizimiki wala haifuti kitu. Inaendelea kuandika kama jana. Kinachokosekana ni viraka vya usalama vya kawaida, na kadiri muda unavyopita inakuwa rahisi kwa virusi kuingia. Kama kompyuta hiyo ni ya kuandikia tu, iweke mbali na flashi za watu na mtandao usio wa lazima, na uendelee na sura yako.

Nakala ziwe tatu. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski ya nje, moja nje ya nyumba kabisa, kwa sababu moto na mwizi havichagui. Ya nje ya nyumba inaweza kuwa barua pepe unayojitumia mwenyewe kila Jumamosi. Kwa bando dogo kabisa mswada unapita, na Google inakupa GB 15 bila malipo. Kujitumia WhatsApp ni afadhali kuliko kutofanya lolote, lakini simu ikipotea na mazungumzo hayakuwa na akiba, faili limeondoka nayo. Kila nakala ipe tarehe kwenye jina. Jina kama "kitabu mpya final mwisho kabisa 2" halimsaidii mtu yeyote, hata aliyeliandika.

Ng'ambo ya ziwa, na picha

Mswada wa mwalimu ulikuwa na tatizo jingine ambalo linatuhusu sisi Waswahili kuliko wengine. Kila palipoandikwa ng'ambo, na kwa simulizi za wavuvi hiyo ni mara nyingi, baadhi ya sura zilisoma ngâ€™ambo. Alidhani flashi imeugua.

Kwa kompyuta kila herufi ni namba. Herufi zote za Kiswahili zimo kwenye orodha ya kale inayoeleweka na kila programu, kwa hiyo hazileti shida. Lakini Word, kwa kutaka kupendeza, hugeuza kile kidoti cha ng' kilichonyooka na kuweka kilichopinda. Kilichopinda hakimo kwenye orodha ya kale. Kinahifadhiwa kwa namba tatu zinazofuatana. Programu inayosoma kwa utaratibu wa zamani inaona namba tatu, inaandika alama tatu. Sura zile mjukuu alizipitisha kwenye programu ya simu kabla ya kuzirudisha kwenye Word. Tulishikilia Ctrl tukabonyeza H, tukaiambia itafute zile alama tatu na kuweka kidoti, na ng'ombe wote na ng'ambo zote wakarudi kwa mara moja.

Mistari myekundu chini ya maneno nayo isikutishe. Inamaanisha programu inayapima maneno yako kwa kamusi ya Kiingereza. Teua maandishi yote, yape lugha ya Kiswahili, ambayo ipo kwenye orodha, na kelele itatulia. Usikubali kamwe isahihishe yenyewe. Nimesoma shairi ambalo simu ilikuwa imebadilisha "hata" mara nne na mshairi hakuona mpaka limechapwa.

Picha ya mtumbwi ilikuja kwa WhatsApp. Kwenye simu ilikuwa nzuri. Karatasi inadai zaidi: uchapaji mzuri huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, maana yake picha ya kujaza ukurasa wa A5 iwe na pikseli, yaani nukta za picha, takriban 1,748 kwa 2,480. WhatsApp huikamua picha ili isafiri haraka, na zilizokamuliwa hutoka kama zimefunikwa na ukungu. Nilimwomba ampigie aliyeipiga, aitume upya kama hati, si kama picha. Ikaja nzito mara nyingi zaidi, ikiwa na nyavu zinazohesabika. Tukaiagiza ikae ndani ya mstari kama neno, isielee juu ya maandishi. Nilimwonya pia kuhusu buluu ya ziwa kwenye jalada: skrini inatoa mwanga, karatasi inabeba wino, na buluu hiyo lazima itapoa kidogo. Aombe nakala moja ya majaribio kabla ya mia tatu.

Tulifanya kazi jioni nne. Georgia, ukubwa wa 11, A5, kila sura kwa Ctrl na Enter. Kikasimama kwenye kurasa 206. Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa hutoa kurasa nne, na 206 haigawanyiki kwa nne, kwa hiyo tulimwongezea ukurasa wa shukrani na mmoja mweupe mwishoni, zikawa 208. Nikatoa PDF. Alinitaka niifungue kwanza kwenye mashine ya dukani, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. 208. Akampigia mjukuu Ujiji, nikaituma, akasubiri simu sikioni. "Soma namba ya mwisho," akamwambia. Akanitazama, akaniinulia vidole viwili, akakunja ngumi, akavirudisha kwa mikono yote miwili, vinane.